Abé Lacaille na Darubini Yake Ndogo

Nicolas-Louis de Lacaille alizaliwa mwaka 1713 katika kijiji cha Rumigny, upande wa kaskazini wa nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu wakubwa. Alipenda vitabu kuliko mali, naye akamtia mwanawe upendo huo. Alimpeleka Paris kusoma, lakini mtoto alikuwa angali mwanafunzi baba alipokufa. Hakumwachia shamba wala fedha.

Basi kijana alikuwa karibu kurudi kijijini mikono mitupu. Lakini mkubwa mmoja wa nchi, Duke wa Bourbon, alikuwa amemjua baba, akakubali kumlipia mtoto masomo. Lacaille akaendelea, akajifunza mafundisho ya dini, maana alitaka kuwa padri. Akapata daraja ya ushemasi. Huko Ufaransa watu wa namna yake waliitwa Abbé, jina lile lile wanalotamka watu wa Bukavu wanapomwita padri wa jimbo: Abé. Hata hivyo, huyu Abé hakupata upadri kamwe. Alibaki shemasi mpaka kufa kwake.

Kilichomzuia ni nyota. Alikuwa amezipenda tangu ujana, akajifunza hesabu zake peke yake, bila mwalimu na karibu bila vitabu. Mwishowe alipelekwa kwa Bwana Cassini, mkubwa wa nyumba ya kuchungulia nyota ya Paris. Cassini alishangaa kuona kijana huyu amefika mbali hivyo peke yake, akampa kazi. Mwaka 1738 Lacaille alipima pwani ya Ufaransa tangu Nantes mpaka Bayonne. Mwaka uliofuata alianza kupima upya mstari mrefu unaokata Ufaransa toka kaskazini hadi kusini, akaona kwamba vipimo vya zamani vilikuwa na kosa. Wale waliokuwa wamepima zamani ni jamaa ya Cassini yule yule aliyempa kazi. Si jambo jepesi kumwambia mfadhili wako kwamba watu wa nyumba yake wamekosea, lakini hesabu zilikuwa wazi, nao wenyewe wakazikubali.

Alikuwa hajafika miaka thelathini, naye akawa mwalimu wa hesabu katika koleji ya Mazarin mjini Paris. Mwaka 1741 akaingizwa katika Akademia ya Sayansi. Mmoja wa wanafunzi wake wa baadaye alikuwa Lavoisier, yule aliyeeleza jinsi moto unavyokula hewa.

Sasa yafaa kueleza kwa nini mwalimu huyu aliacha darasa lake akaja Afrika.

Dunia ni mviringo. Mtu aliyesimama nyuma ya kilima haoni nyumba zilizo ng'ambo, hata akiwa na macho makali. Vivyo hivyo mtu wa Paris haoni nyota za kusini, kwa sababu tumbo la dunia linazificha. Watu wa Bukavu, walio karibu na ikweta, huziona karibu zote, za kaskazini na za kusini, wala hawafikiri kwamba ni bahati. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuandika nyota zao za kaskazini kwa maelfu. Lakini za kusini kabisa walizijua kwa uchache tu. Mwingereza Halley alikuwa amekwenda katika kisiwa cha Mtakatifu Helena mwaka 1677, akarudi na orodha ya nyota 341, basi. Manahodha waliosafiri kusini walikuwa kama watu wanaopita mji usiku bila kujua njia zake.

Lacaille aliomba ruhusa kwenda kuzihesabu. Akapewa. Mwezi wa Novemba 1750 alipanda merikebu katika bandari ya Lorient, wakavuka Atlantiki mpaka Rio de Janeiro, na toka huko wakaja Rasi ya Tumaini Jema, katika ncha ya kusini ya Afrika. Walifika mwezi wa Aprili 1751.

Mji wa Cape siku zile ulikuwa mdogo, mali ya Kampuni ya Waholanzi. Kazi nyingi za mikono zilifanywa na watumwa walioletwa toka mbali, na wenyeji, Wakhoikhoi, walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya malisho ya ng'ombe wao. Wakhoikhoi na Wasan walizijua nyota za kusini tangu zamani, wakawa na majina na hadithi zao juu yake. Nyota hizo zilikuwa mpya kwa Ulaya tu. Lacaille alikuwa amesoma kitabu kimoja mashuhuri cha Peter Kolb juu ya nchi ile na watu wake. Alipofika aliona kwamba mambo mengi ya kitabu hicho si kweli, naye akaandika hivyo.

Gavana Ryk Tulbagh alimpokea vizuri. Alikaa katika nyumba ya mtu mmoja aitwaye Jan Lourens Bestbier, karibu na pwani, na katika ua wa nyumba hiyo akajengewa kibanda cha kutazamia mbingu. Humo akaweka saa yake kubwa na chombo chake cha kupimia pembe. Juu ya chombo hicho alifunga darubini.

Darubini hiyo ingewachekesha wataalamu wa leo. Bomba lake halikufika urefu wa mita moja. Kioo chake cha mbele kilikuwa na upana wa sentimita 1 na kidogo, kama kifungo cha shati. Kilikuza vitu mara 8 tu, na siku hizi hata miwani ya kutazamia ndege wa msituni inaweza kukuza hivyo. Lakini Lacaille hakuhitaji kuona kitu kimoja kwa ukubwa. Alihitaji kuona nyota nyingi sana, na kupima mahali pa kila moja.

Alifanya hivi. Aligawanya mbingu ya kusini vipande vipande, kama mkulima anavyogawanya kilima kwa matuta. Kisha akaelekeza darubini kwenye tuta moja, akaifunga isisogee. Dunia huzunguka, kwa hiyo nyota zilipita mbele ya kioo moja baada ya moja, kama watu wapitao mlangoni. Kila nyota ilipoingia aliandika saa, dakika na sekunde. Ilipotoka akaandika tena. Kesho yake akafunga darubini kwenye tuta la pili.

Kazi hiyo aliianza Agosti 1751, akaimaliza Julai 1752. Mara nyingi alikaa saa nane mfululizo bila kuondoka, na siku nyingine usiku kucha. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma pale Cape, nyota hutetemeka na kuvimba katika kioo hata hazipimiki. Hapo ilimbidi kungoja. Mchana alipiga hesabu. Mwaka ulipotimia alikuwa amepima karibu nyota 10,000. Hakuna mtu kabla yake aliyefanya kazi kubwa namna hii peke yake kwa muda mfupi hivyo.

Katika matuta hayo ya mbingu alikutana pia na vitu visivyokuwa nyota. Nyota hata ikiwa ndogo ni nukta kali. Hivi vilikuwa kama madoa ya moshi, au kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Lacaille alivipanga. Aliandika vitu 42 kwa mafungu matatu, 14 kila fungu. Fungu la kwanza ni madoa matupu yasiyoonyesha nyota yoyote ndani yake, na mengine ni makundi ya nyota, au nyota zenye ukungu pembeni.

Doa moja la fungu la kwanza aliliona tarehe 23 Februari 1752. Katika mwezi ule sehemu ile ya mbingu hufika juu kabisa kwenye saa tisa za usiku, wakati watu wote wamelala. Katika mji wa Cape hupita karibu kabisa na utosi wa mtu. Doa lilikuwa dogo, hafifu, bila umbo. Lacaille akaandika mahali pake, akaandika kwamba ni doa dogo lisilo na umbo, kisha akaendelea na nyota iliyofuata. Hakusema zaidi, maana hakuona zaidi.

Wenye kukaa Bukavu wanaweza kuelewa doa hilo lilikuwa nini. Usiku wavuvi wa sambaza huwasha taa katika Ziwa Kivu. Walio karibu unaweza kuwahesabu, taa moja, taa mbili, taa tatu. Lakini wale waliokwenda mbali, katika ukungu wa ziwa, taa zao huchanganyika, nawe huoni taa ila mwanga mweupe kidogo juu ya maji. Wavuvi wapo, na kila mmoja ana taa yake. Umbali ndio unaowachanganya. Doa la Lacaille lilikuwa mwanga wa nyota nyingi, mabilioni, zilizo mbali kiasi ambacho hakuna mtu wa karne yake aliyeweza kukifikiri.

Yeye mwenyewe hakulijua hilo. Alikuwa na kazi nyingine.

Kwanza, mwezi. Ukinyosha kidole mbele ya uso, ukakitazama kwa jicho moja kisha kwa jicho la pili, kidole huonekana kuruka mahali. Kikiwa karibu huruka sana, kikiwa mbali huruka kidogo. Lacaille alitaka dunia yenyewe iwe na macho mawili. Yeye alikuwa jicho la kusini, pale Cape. Jicho la kaskazini lilikuwa kijana Lalande, wa miaka 19 tu, aliyetumwa mji wa Berlin. Wote wawili walitazama mwezi kwa siku zile zile, na kwa kulinganisha vipimo vyao ilijulikana kwa usahihi zaidi kuliko zamani mwezi uko mbali kiasi gani. Jibu ni karibu mara 60 ya nusu upana wa dunia.

Pili, umbo la dunia. Ilikuwa imekwisha kupimwa huko kaskazini na penye ikweta kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kama chungwa. Je, upande wa kusini ni vile vile? Mwaka 1752 Lacaille alipima nchi kutoka mji wa Cape kwenda kaskazini hadi Klipfontein, zaidi ya kilomita 130, akipita jua na mchanga. Jibu alilopata lilimshangaza. Kwa hesabu zake, upande wa kusini wa dunia ulikuwa umerefuka, kama kwamba dunia ina umbo la parachichi. Alirudia hesabu. Hakuona kosa. Angeweza kubadili tarakimu chache zipatane na mawazo ya wengine, wala hakuna ambaye angejua, maana nani angetoka Ulaya kuja kupima tena? Aliziacha kama zilivyokuwa.

Na zilikuwa na kosa kweli. Ila halikuwa kosa la mkono wake. Mwashi hujua timazi, ule uzi wenye uzito unaoonyesha ukuta umesimama sawa. Mpimaji wa nyota naye hutumia timazi kujua juu ni wapi. Lakini milima mikubwa ina uzito, na uzito huvuta. Milima iliyo karibu na vituo vya Lacaille ilivuta timazi yake pembeni kidogo sana, jicho lisiweze kuona. Yapata miaka 70 baadaye Mwingereza Everest alipita Cape, akapaona mahali pale, akafikiri kwamba milima ndiyo sababu. Kisha Bwana Maclear akapima upya katika miaka ya 1840, ikaonekana ni kweli. Kwa kuwa Lacaille alikuwa ameandika kila kipimo bila kuficha, kosa liliweza kufuatwa mpaka shina lake.

Mlima mmoja wa pale aliupenda, ule Mlima wa Meza ulio juu ya mji. Kilele chake ni bapa, na mawingu meupe hulala juu yake kama kitambaa. Lacaille alipochora ramani ya mbingu aliona nafasi tupu kati ya makundi ya nyota ya zamani, akatia makundi mapya 14. Watu wa kale walikuwa wamejaza mbingu wanyama na mashujaa. Yeye alitia vyombo vya kazi: darubini, saa, bikari, tanuru, dira, patasi ya mchongaji. Hakuna hata kundi moja alilolipa jina la mfalme au jina lake mwenyewe. Kumi na tatu ni vyombo vya kazi na sanaa. La kumi na nne ni Mlima wa Meza, nao ndio mlima pekee wa Afrika ulio na jina lake kati ya makundi ya nyota. Juu yake, kama kitambaa, kuna lile Wingu Kubwa la Magellan.

Aliondoka Cape mwezi wa Machi 1753. Akapita visiwa vya Morisi na Reunion kwa kazi nyingine za kupima, akafika Paris Juni 1754. Kwa safari yote alikuwa amepewa fedha za serikali, livre 10,000. Ilipokwisha alileta hesabu ya kila senti: vyombo, chakula, safari, yote yalikuwa livre 9,144 na sehemu ndogo. Fedha iliyobaki alitaka kuirudisha. Husimuliwa kwamba wenye hazina hawakujua la kufanya, maana hawakuzoea mtu wa kurudisha kitu.

Watu wa Paris walitaka kumwona na kumsifu. Jambo hilo lilimsumbua. Akajifungia tena katika koleji yake, akafundisha, akapiga hesabu, akatazama mbingu. Orodha ya madoa yake 42 ilitolewa mwaka 1755. Lakini nyota 10,000 zilihitaji hesabu ndefu kwa kila moja, na mtu mmoja hana mikono ya kutosha. Alizikamilisha karibu 2,000 tu. Mwili wake ulikuwa umedhoofika kwa miaka mingi ya kukesha kwenye baridi. Homa ikampata, akafa tarehe 21 Machi 1762. Kitabu chake cha nyota za kusini kilitoka mwaka 1763, akiwa kaburini. Hesabu za nyota zote zilizobaki zilimalizwa na wengine na kuchapwa Uingereza mwaka 1847.

Na lile doa? Mwaka 1781 Mfaransa Messier alilitafuta akiwa Paris. Huko huinuka kidogo tu juu ya mapaa ya nyumba, hivyo alilipata kwa taabu. Akalitia katika orodha yake, likawa namba 83, na mpaka leo wataalamu huliita M83. Mwaka 1862 Mwingereza Lassell alilitazama kwa darubini kubwa, akaona kwamba lina mikono iliyopinda, kama maji yanayozunguka pale mto Ruzizi unapotoka ziwani. Hata hivyo watu walibishana miaka mingi kama madoa ya namna hii yako ndani ya kundi letu la nyota au nje yake. Ubishi ulikwisha mwaka 1924, Mmarekani Hubble alipoonyesha kwamba doa la Andromeda liko mbali mno, nje kabisa. Kumbe madoa yale yenye mikono ni makundi makubwa ya nyota yanayojitegemea. Siku hizi huitwa galaksi.

Jua letu limo katika galaksi pia. Ule mkanda mweupe unaokata mbingu usiku wa kiangazi ndio galaksi yetu, nasi tuko ndani yake. Tena galaksi yetu na M83 zinafanana. Katikati ya M83 mna nyota zilizopangika kwa mstari mnene, kama ufito, na kwenye ncha za ufito ndipo mikono inapoanza kuzunguka. Galaksi yetu nayo ina ufito wa namna hiyo. Mtu aliye huko mbali, kama yupo, akitazama huku angeona karibu umbo lile lile.

Umbali wake ni huu. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Toka M83 mpaka hapa husafiri miaka karibu milioni 15. Nuru iliyoingia katika jicho la Lacaille usiku ule wa Februari ilikuwa imetoka huko kabla ya kuwapo mtu yeyote duniani, kabla mlima Nyiragongo haujazaliwa, kabla Ziwa Kivu halijapata umbo lake la leo. Tangu mwaka 1923 wataalamu wameona humo nyota sita zikipasuka kwa mwanga mkubwa, nalo ni jambo la nadra kwa galaksi moja.

Mwezi wa Mei, kama saa nne za usiku, mbingu ikiwa safi na hakuna mwezi, simama Bukavu ukielekea kusini. Utaona Msalaba wa Kusini. Inua macho toka kwenye Msalaba mpaka karibu mara mbili ya kimo chake, kisha uende kushoto kidogo. Kwa macho matupu huoni kitu. Mwenye darubini ndogo ya mkononi, akitulia na kungoja macho yazoee giza, ataona hapo doa dogo, hafifu, lisilo na umbo.